Usitie Sahihi Kama Hukuona

Mwanangu, hongera kwa kupata nafasi ya mafunzo kwa vitendo katika kiwanda cha dawa. Najua haikuwa kazi rahisi. Wanafunzi wanaotoka vyuo vya Muhimbili, Mlimani, DIT, Bugando na Chuo cha Famasia cha Kilimanjaro kule Moshi huzunguka na barua zao kiwanda hadi kiwanda, kwa sababu viwanda vya dawa hapa Tanzania ni vichache na wengi huambiwa nafasi zimejaa. Wewe umepata. Nyumbani wamefurahi, mkopo wa Bodi ya Mikopo una kifungu chake cha mafunzo kwa vitendo, na sasa unatafuta chumba cha kujishikiza karibu na kituo cha daladala ili uwahi shifti ya asubuhi.

Mimi nimefanya kazi ya dawa tangu ujanani hadi kustaafu, sehemu kubwa nikiwa upande wa udhibiti wa ubora, na wanafunzi wa fildi wamepita mikononi mwangu wengi. Baadhi yao walikuja wakiogopa mashine. Wengine waliogopa mabosi. Sikumbuki aliyekuja akiogopa kalamu, na hicho ndicho kitu ninachotaka ukiogope kuliko vyote utakavyovikuta humo ndani. Mashine ikikudhuru, umedhurika wewe. Kalamu yako inaweza kumdhuru mama aliye Tunduru au mtoto aliye Kasulu, watu ambao hutawaona maishani mwako wala wao hawatajua jina lako.

Ngoja nikueleze kwa nini. Bechi moja ya vidonge vya parasetamoli inaweza kuwa na vidonge laki kadhaa. Maabara haiwezi kuvipima vyote, maana kupima ni kuharibu. Kidonge huvunjwa ili ugumu wake ujulikane, hupondwa na kuyeyushwa ili kiasi cha dawa kijulikane, na vingine hutiwa kwenye pipa dogo linalozungushwa mara 100 tuone vinapukutika kiasi gani. Kilichopimwa hivyo hakiuzwi tena. Kwa hiyo tunachukua vichache, 6 kwa kipimo hiki, 20 kwa kile, na vilivyobaki vyote vinakwenda kwa wagonjwa bila kuguswa na kipimo chochote cha maabara. Ni nini basi kinachotupa haki ya kusema kwamba navyo ni vizuri? Ni yale makaratasi utakayoyaona yamebanwa kwenye ubao katika kila chumba, kumbukumbu ya bechi. Humo imeandikwa unga gani ulipimwa, kilo ngapi, ulichanganywa dakika ngapi, ulikaushwa kwa joto gani, mashine ilisafishwa na nani kabla ya kazi kuanza, na nani alishuhudia. Kama yaliyoandikwa humo ni kweli, vile 20 vilivyopimwa vinasema kwa niaba ya laki zote. Kama si kweli, vile 20 vinajisemea vyenyewe tu.

Ndiyo maana karibu kila hatua ina nafasi mbili za sahihi: aliyefanya na aliyehakiki. Na ndiyo maana nakuambia mapema, kabla hujavaa ovaroli ya watu: utaombwa uitie sahihi yako mahali ambapo hukuona kitu. Hutaombwa na mtu mbaya. Utaombwa na kaka mchangamfu, mchapa kazi, aliyekununulia chai asubuhi, ambaye amebanwa na ratiba na mwenzake wa kuhakiki hakufika kazini siku hiyo. Atakusogezea ubao na kukuambia, "Dogo, saini hapo tuendelee."

Nilimshuhudia binti mmoja akipita katika mtihani huo. Alikuwa amewekwa chumba cha mizani, akatumwa stoo kufuata lebo. Aliporudi alikuta vyombo vimeshapimwa, vimefungwa na kupangwa mlangoni, na vijana wa kuchanganya wanasubiri ng'ambo ya dirisha. Msimamizi akamwonyesha kwa kidole kisanduku cha aliyehakiki. Binti akaishika kalamu, akaiangalia namba iliyoandikwa mbele ya wanga wa mahindi, akasema kwa sauti ndogo, "Samahani kaka, mimi sikuona ukipima. Naomba tupime tena." Yule bwana alikasirika. Vyombo vilifunguliwa kimoja kimoja, vikarudishwa juu ya mizani, kazi ya chumba cha pili ikasimama. Uzito ukatoka vilevile ulivyoandikwa, gramu kwa gramu. Msimamizi akamcheka mbele ya watu kwamba ametupotezea muda bure kwa ushamba wa chuo.

Alikuja kwangu machozi yakimlengalenga, akidhani amekosea. Hakukosea. Kabla ya kupima upya, ukweli wa vile vyombo aliujua mtu mmoja. Baada ya kupima, waliujua wawili. Sahihi ya pili haina maana nyingine zaidi ya hiyo, na kama haina maana hiyo ni wino uliomwagika kwenye karatasi. Uzito kuwa sawa siku ile hakumwondolei msimamizi lawama hata kidogo, maana mkono ulioandika bila kushuhudiwa leo ukapatia ndio utakaoandika bila kushuhudiwa kesho ukakosea, na kesho hiyo hakutakuwa na wa kuligundua kosa.

Labda unadhani wazee tunakuza mambo. Soma habari ya Devonport. Mwaka 1971, kiwanda cha Evans Medical huko Uingereza kilitengeneza bechi ya dripu ya glukosi. Chupa zilipangwa kwenye otoklevu, ule mtungi mkubwa wa kuua vijidudu kwa mvuke. Kipimajoto kinachochora mstari kwenye karatasi hakikuonyesha joto likipanda inavyotakiwa. Vipimo vingine vya mtungi uleule vilionyesha mambo ni mazuri. Waliokuwepo wakaamua kwamba kinachochora ndicho kibovu, wakaendelea. Kumbe kilikuwa kikisema kweli. Hewa ilikuwa imenasa sehemu ya chini ya mtungi, mvuke haukuweza kuifukuza, na chupa zilizopangwa chini hazikupata joto la kutosha kuua chochote. Sampuli zilizokwenda maabara zikafaulu, kwa sababu hazikuwa zile za chini. Chupa zikakaa ghalani miezi mingi huku bakteria wakizaana ndani ya maji matamu. Mwaka 1972 zikafika hospitali ya Devonport mjini Plymouth, zikatundikwa kwenye vyuma vya vitanda na kuunganishwa na mishipa ya watu waliotoka kupasuliwa. Wagonjwa watano walifariki, na vifo vyao vikahusishwa na dripu hiyo. Tume iliyoongozwa na mwanasheria Cecil Clothier ilichunguza na kutoa ripoti yake mwaka huohuo, na hadi leo ripoti hiyo hufundishwa popote wanapofundishwa watengenezaji wa dawa za kudungwa.

Nakutaka ufikirie jambo moja katika kisa hicho. Ile karatasi ilikuwepo. Mstari ulichorwa, ukaonekana, na mtu akatoa sababu ya kutouamini. Utakutana na mstari kama huo. Friji ya sampuli itaonyesha nyuzijoto zisizoeleweka, mtu atasema, "Hicho kipimajoto kina matatizo siku nyingi." Mizani itatoa jibu la ajabu asubuhi, mtu atasema, "Izime uiwashe." Pengine atakuwa anasema kweli, kimeharibika. Lakini kifaa kibovu hutolewa kazini, huwekewa lebo ya kibovu na kuitiwa fundi. Hakiachwi ukutani kikidharauliwa. Leo dripu hazitoki ng'ambo tu. Zinatengenezwa kwetu, kwenye kiwanda cha Kairuki pale Zegereni, Kibaha, na kwa jirani zetu Uganda katika kiwanda cha Abacus huko Mukono. Ni jambo la kujivunia, na ni mzigo mzito kwa kila anayesimama mbele ya mtungi wa mvuke, akiwemo wewe mwenye wiki chache tu kiwandani.

Sasa nije kwenye namba, maana hapo ndipo vijana wengi huteleza bila kuombwa na mtu. Kidonge cha parasetamoli cha miligramu 500 chenyewe kina uzito zaidi ya huo, kwa kuwa ndani yake mna pia wanga, kishikizo na kilainishi. Tuseme uzito wake uliopangwa ni miligramu 560. Kiwango cha asilimia 5 kinakuruhusu kuanzia 532 hadi 588. Utawekwa kando ya mashine inayopiga vidonge, na kila muda uliopangwa ukifika uchukue vichache, uvipime, uandike. Mara ya kwanza ni raha. Baadaye mgongo unauma, kelele za mashine zinakaa kichwani, na vidonge vyote vinafanana. Ndipo mwanafunzi anapojaza safu nzima hadi mwisho wa shifti kabla ya kwenda kula: 560, 561, 559, 560, 562.

Safu za namna hiyo nimezisoma sana, na huhitaji ushahidi mwingine kujua kuwa hazikupimwa. Uzito wa vidonge vya kweli hupanda taratibu unga unapojaa kwenye hopa, hushuka unapopungua, huruka fundi akigusa skrubu. Kimoja hutoka 548, kinachofuata 571. Safu iliyobuniwa hujikunyata katikati kwa sababu aliyeibuni anaogopa mipaka. Na siku ambayo mashine kweli ilianza kulegea saa nane mchana, ikatoa vidonge vyepesi kwa muda, ile safu nzuri ndiyo itakayovifunika na kuvipitisha hadi kwenye maboksi.

Kuna uongo mdogo kuliko huo, wa dakika. Mwisho wa kuchanganya tunaweka kilainishi, magnesiamu stearati, ili unga usigande kwenye mashine. Hiki huchanganywa kwa dakika chache tu na muda wake umeandikwa kwenye mwongozo wa kazi. Kazi yake ni kujipaka juu ya chembechembe, na kikiachwa kizunguke mno kinazifunika kabisa, nacho ni kitu kisichopenda maji. Mtu anawasha mashine, anatoka kwenda kuzungumza na mwenzake, anarudi amechelewa, anaandika muda uleule uliopangwa. Vidonge vitakavyotoka vitakuwa vyeupe, vizuri, vyenye uzito kamili na kiasi kamili cha dawa, ila tumboni mwa mgonjwa vitachelewa kuyeyuka. Mtoto ana homa, mama amempa dawa, homa haishuki. Mama atasema dawa ya siku hizi haifanyi kazi, au atampa nyingine juu yake. Mimi naona huo ni wizi, na aliyeibiwa hana pa kwenda kushitaki.

Kwa hiyo andika ulichokiona, wakati ulipokiona, mahali panapostahili, kwa wino. Usiandike kwanza juu ya glavu au kwenye kipande cha boksi ukitarajia kunakili baadaye. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa ili bado lisomeke, andika pembeni kilicho kweli, weka herufi za jina lako, tarehe na sababu. Usifute, usipake wino mweupe, usichane ukurasa. Na tarehe iwe ya siku unayoandika. Mtu akikuomba uandike ya jana, mwambie jana hukuandika. Namba ikitoka nje ya mipaka, iache ilivyo, umwite msimamizi. Namba mbaya iliyoandikwa imeshawaokoa wengi, na wewe hupunguziwi maksi kwa sababu kidonge kimekuwa chepesi.

Upande wa malighafi nako kuna mtego wake. Utapelekwa ghalani kuchukua sampuli za gliserini ya kutengenezea shira za watoto. Mapipa yako mengi, jua limechomoza, mabati yanawaka. Cheti cha mtengenezaji kipo, kimegongwa muhuri. Utaambiwa, au utajiambia mwenyewe, kwamba ukifungua mapipa matatu ya mbele inatosha, yaliyobaki yamekuja na meli hiyohiyo.

Mwaka 2006 nchini Panama zaidi ya watu 100 walikufa kwa shira ya kikohozi iliyochanganywa katika maabara ya serikali yao wenyewe. Mapipa yaliyoandikwa gliserini yalikuwa na daiethilini glaikoli, maji mazito yasiyo na rangi, matamu, ambayo kwa macho na ulimi huwezi kuyatofautisha na gliserini, lakini huangamiza figo. Mzigo ulitoka China, ukapitia kwa wafanyabiashara hadi Barcelona, ukavuka bahari hadi Panama, na katika kila kituo cheti kilinakiliwa na jina la aliyetangulia likaondolewa. Karatasi ilisafiri dunia nzima bila mtu kulifungua pipa na kupima. Sumu hiyohiyo ilikuwa imeshaua zaidi ya watu 100 Marekani mwaka 1937, ikawa sababu ya sheria yao ya dawa ya mwaka 1938. Mwaka 2008 na 2009 iliua watoto 84 Nigeria, kwenye dawa ya watoto wanaoota meno. Mwaka 2022 watoto wapatao 70 walikufa Gambia kwa shira zilizotoka nje, nazo zilikutwa na sumu za jamii hiyo. Kipimo cha kuitambua kipo na kinajulikana. Kinachokosekana ni mtu wa kufungua kila pipa. Mwanangu, fungua kila pipa. Ukichoka, pumzika, kunywa maji, kisha rudi ufungue lililobaki. Kama uliyofungua ni matatu, andika matatu.

Najua unachojiuliza: mimi mwanafunzi tu, nitawezaje kumkatalia mtu mzima? Umelelewa kuamkia na kunyamaza mkubwa anaposema, na mimi sikutaki uache adabu hiyo. Kukataa kwa adabu kunawezekana. Huna haja ya kumwambia mtu anavunja kanuni. Mwambie, "Samahani kaka, hapa sikuwepo, naogopa kuandika kitu nisichokijua." Au, "Dada, naomba unielekeze kwenye mwongozo wa kazi panaposema hivyo, nataka kujifunza." Mtu mwenye nia njema atajirudi hapohapo. Akiendelea kukushinikiza, nenda kwa anayekusimamia kwa barua ya kiwanda. Asiposikia, kuna idara ya uhakiki wa ubora, na kwa taratibu za kazi hii haiko chini ya mkubwa wa uzalishaji, kwa makusudi. Kuna mwalimu wako wa chuo. Na kukiwa na hatari ya kweli kwa wagonjwa huku wote wamenyamaza, ipo Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ambayo hupokea taarifa za mtu yeyote. Mamlaka hiyo, ikiwa bado inaitwa TFDA, ilikuwa ya kwanza Afrika kufikia ngazi ya tatu ya Shirika la Afya Duniani ya udhibiti wa dawa mwaka 2018. Ina wataalamu wanaoelewa utakachowaambia.

Usichanganye hili na umbea. Siri za biashara za kiwanda ni za kiwanda: michanganyo yao, wateja wao, bei zao. Usipige picha kumbukumbu za bechi ukaziweka kwenye kundi la darasa, na simu yako uiache kwenye kabati la nguo kama ulivyoelekezwa. Lakini hakuna mkataba wa siri unaomfunga mtu anyamaze watu wakidhurika. Ranbaxy ya India, kampuni kubwa iliyouza dawa duniani kote, ilikiri makosa mbele ya mahakama ya Marekani mwaka 2013 na kulipa dola milioni 500, baada ya Dinesh Thakur, aliyekuwa mfanyakazi wake, kufichua kwamba takwimu za dawa zilikuwa zikibuniwa. Ilimgharimu miaka mingi na amani ya nyumba yake. Sikuombi uwe Thakur ukiwa mwaka wa tatu. Nakuomba usiwe yule aliyejaza zile safu.

Ya mwili wako nitayasema kwa ufupi, kwa kuwa siku ya kwanza utaelezwa, ila sikiliza wakati unaelezwa. Pete, saa na bangili ziache nyumbani. Usiingize mkono kwenye mashine inayozunguka hata kama mzoefu anaingiza. Barakoa vaa ifunike pua, maana vumbi la dawa ni dawa, na anayelivuta kila siku anakunywa dozi asiyoandikiwa. Kama mwili wako unakataa penisilini, sema kabla hujapangiwa chumba, usione haya. Ovaroli isiende nyumbani kwenye begi moja na nguo za mdogo wako. Ukiwa mjamzito, mweleze msimamizi wako wa kike mapema, kuna dawa ambazo hupaswi kuzikaribia. Pale wanapotumia spiriti kulowesha unga, cheche moja inatosha kuunguza jengo.

Mabinti zangu, hili ni lenu zaidi, ingawa na vijana wa kiume linawakuta. Atatokea mtu atakayekuambia kwamba fomu yako ya tathmini iko mezani kwake na ninyi wawili mnaweza kuelewana. Hiyo ni rushwa ya ngono, ni kosa la jinai, na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanalishughulikia. Usiende kuichukua fomu peke yako baada ya saa za kazi. Hifadhi ujumbe wake. Mwambie mzazi wako siku hiyohiyo, na chuo. Maksi za fildi hupatikana hata mwaka unaofuata.

Nirudi kwenye kalamu, safari hii ya kwako mwenyewe. Umepewa daftari la kumbukumbu za kila siku. Wenzako wengi hawaligusi mpaka wiki ya mwisho, wakakaa usiku mmoja wakabuni miezi miwili. Wengine hupita kwenye steshenari za karibu na chuo, wakanunua ripoti ya mwenzao wa mwaka jana, wakabadilisha jina na jalada. Nimewahi kupewa ripoti inayoeleza kwa kirefu mashine ambayo kiwanda kilishaiondoa kabla mwanafunzi huyo hajaanza chuo. Hili linaniuma kuliko utoro. Mtoro amekosa somo. Aliyebuni daftari amejifunza somo baya kwa vitendo, na anahitimu akiwa amelielewa vizuri: kwamba karatasi ikijaa inatosha. Mtu huyo ndiye atakayekutwa mbele ya otoklevu miaka mitano baadaye.

Andika kila jioni, hata mistari minne. Andika hata siku uliyoshindishwa ukibandika lebo kwenye maboksi. Siku hizo zitakuwepo, na zikizidi una haki ya kuomba kwa heshima uhamishiwe idara nyingine, kwa kuwa barua yako inasema umekuja kujifunza. Lakini usizidharau zote. Muulize mama wa usafi ni kona ipi ya mashine ya kupigia vidonge ambayo unga hujificha hata baada ya kuoshwa. Anaijua, kwa sababu ndiye anayeiosha, na wahandisi wengi hawaijui. Kisha uende maabara uone wanavyopangusa kona hiyo kwa pamba kutafuta mabaki ya dawa iliyotangulia. Ukurasa huo mmoja utakufundisha zaidi ya sura nzima ya kitabu kuhusu dawa moja kuingia ndani ya nyingine.

Walimu wa vyuoni, nanyi hamjaepuka. Mwalimu anayefika kiwandani mara moja, akakaa mapokezi, akatia sahihi madaftari bila kuyafungua wala kumwuliza mwanafunzi swali, amekwishamfundisha kila kitu ninachojaribu kukifuta hapa. Fungueni ukurasa mmoja. Mwulizeni aliandika nini siku hiyo na kwa nini.

Na ninyi wenye viwanda na mameneja wa uzalishaji, mnaopokea vijana hawa bila kulipwa, nawashukuru kwa moyo, kwa kuwa hakuna maabara ya chuo inayoweza kuwaonyesha bechi kamili ikizaliwa. Ninalo ombi moja kwenu. Kazi ya kuhakiki ni ya mfanyakazi aliyefundishwa na kuidhinishwa. Mwanafunzi wa fildi hajafundishwa wala kuidhinishwa, kwa hiyo kisanduku cha aliyehakiki si chake. Mpeni nafasi ya kuangalia, kupima, kuuliza na kuandika kwenye daftari lake. Mkipungukiwa na mhakiki, simamisheni kazi mpaka mwingine afike.